Somo la Mwezi: Kuapa na Kutukana



Katika somo la mwezi huu tutaangalia neno moja la Kiingereza ambalo vijana wetu wa sekondari hukutana nalo darasani na kuliona gumu. Neno hilo ni "swear". Mwanafunzi akifungua kamusi atakuta limefasiriwa kwa maneno mawili yasiyofanana hata kidogo: kuapa, na kutukana. Shahidi akiinua Biblia mahakamani, Mwingereza hutumia neno hilo. Mlevi akimtupia mwenzake maneno machafu njiani, Mwingereza hutumia neno lile lile. Yawezekanaje neno moja libebe jambo takatifu na jambo chafu pamoja?

Huenda wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya walimu wa lugha, wala hayatuhusu sisi tunaolima kabeji na viazi katika milima hii. Lakini tukilifuata neno hilo tangu asili yake, tutaona kwamba latuhusu sana. Latuhusu sokoni, latuhusu nyumbani, na zaidi ya yote latuhusu siku ile tunapoitwa kutoa ushahidi juu ya mpaka wa shamba la jirani. Basi tufuatane hatua kwa hatua.

1. Asili ya neno hilo

Neno "swear" ni la zamani sana katika Kiingereza. Waingereza wa kale walisema "swerian", na Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiingereza, husema "schwören" hata leo. Maana yake ya kwanza ilikuwa moja tu: kuapa, yaani kusema neno zito mbele ya watu huku ukimtaja Mungu kuwa shahidi. Hapakuwa na tusi lolote ndani yake.

Tena neno hilo lina ndugu ambaye kila mwanafunzi amjua. Ni neno "answer", yaani kujibu. Zamani liliundwa kwa sehemu mbili: sehemu ya kwanza yamaanisha "dhidi ya", na ya pili yatokana na kuapa. Mtu akishitakiwa, aliapa kulikana shitaka. Na hilo ndilo lililokuwa jibu lake. Kwa hiyo katika mawazo ya watu wale, kujibu kulikuwa kusema neno ambalo uko tayari kulisimamia mbele ya Mungu. Jambo hili tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Sasa tusi liliingiaje? Katika karne za kati watu wa Uingereza walizoea kuapa ovyo katika mazungumzo ya kila siku. Waliapa kwa damu ya Mungu, kwa mifupa yake, kwa misumari yake na kwa majeraha yake, wakimaanisha mateso ya Bwana wetu msalabani. Waliapa hivyo wakicheza kamari, wakinywa pombe, wakigombana. Wahubiri wa siku zile waliwaonya kwamba wanaurarua upya mwili wa Kristo kwa ndimi zao. Basi mtu aliposikika "akiapa" kilabuni, kila mmoja alijua kwamba anasema maneno mabaya. Hivyo kidogo kidogo neno la kuapa likawa pia neno la kutukana. Halikuchafuka lenyewe, lilichafuliwa na vinywa vilivyolitumia.

Mambo yalifika hata Bungeni. Mwaka 1606 ilitungwa sheria Uingereza ya kuwazuia waigizaji wa michezo ya jukwaani kulitaja bure jina la Mungu, na faini yake ilikuwa paundi 10, fedha nyingi kwa siku zile. Watu wakaanza kutafuta vichochoro. Walikata maneno na kuyapindapinda, hata majeraha ya Mungu yakawa neno fupi lisilotambulikana, na jina la Mungu mwenyewe likageuzwa kuwa "gosh". Wengi wanaotumia neno hilo leo hawajui kabisa kwamba lilianza kama jina la Mungu lililofichwa.

Neno jingine ambalo limefika hata kwetu ni "bloody", lenye maana ya "-enye damu". Ipo hadithi kwamba lilitokana na kuapa kwa jina la Mama Maria, lakini hadithi hiyo haina ushahidi wa kutosha. Lilivyo, ni neno la damu tu. Mwaka 1914 lilipotamkwa jukwaani London katika mchezo wa Bernard Shaw, magazeti yalishtuka na watu wakalizungumza kwa muda mrefu. Huku Afrika Mashariki watu walilisikia kutoka kwa wakubwa wa jeshi na wa mashamba, likiunganishwa na neno la kumwita mtu mjinga, na Waswahili wakalifanya "bladifuli". Mzee aliyeitwa hivyo hakuhitaji kamusi. Aliisikia dharau iliyomo.

2. Maneno yetu wenyewe

Kiswahili chetu kimeyatenga mambo haya vizuri. Kuapa ni kuapa, kutukana ni kutukana, kulaani ni kulaani. Hata hivyo tukichimba kidogo tutaona kwamba mizizi yake yakaribiana.

Tulitazame neno "apa". Kutoka kwake twapata apia, apisha na kiapo. Lakini twapata pia "apiza", yaani kumtakia mtu mabaya, na "maapizo". Kwa nini kuapa kumzae kuapiza? Kwa sababu kila kiapo kina apizo ndani yake. Mtu asemapo, "Nikisema uongo nife," anajiapiza mwenyewe kwa sharti. Katika Biblia tunayo mifano mingi. Ruthu alipomwahidi Naomi kwamba hatamwacha, alimwomba Bwana amtende vibaya na kuzidi kama kitu chochote ila kifo kingewatenganisha (Ruthu 1:17). Alijiwekea adhabu mwenyewe.

Twasema pia "kula kiapo", na wengine husema "kula yamini". Neno yamini limetoka katika Kiarabu, nalo maana yake ni mkono wa kuume, na pia kiapo, kwa kuwa mkono huo ndio uliotolewa au kuinuliwa katika kuahidi. Lakini kwa nini tuseme "kula"? Kamusi za zamani zatuonyesha kwamba kiapo hakikuwa maneno tu. Kiapo kilikuwa pia jaribio: mshitakiwa alinyweshwa dawa kama mwavi, au alitakiwa kugusa chuma cha moto, na watu waliamini kwamba mkosaji angedhurika na asiye na hatia angepona. Wengi wasio na hatia walikufa kwa mwavi. Hata Waisraeli walikuwa na maji ya uchungu aliyonyweshwa mke aliyeshukiwa, pamoja na maneno ya kiapo yaliyoandikwa na kufutwa katika maji hayo (Hesabu 5:11-31).

Katika Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, neno la kuapa na neno la hesabu "saba" lina mzizi mmoja. Ibrahimu alipopatana na Abimeleki juu ya kisima, alitenga wana-kondoo wa kike saba kuwa ushuhuda, na mahali pale pakaitwa Beer-sheba (Mwanzo 21:28-31). Twaweza kulifasiri jina hilo Kisima cha Saba au Kisima cha Kiapo, na yote mawili ni sawa. Nalo neno letu "saba", ambalo tumelipata kwa Waarabu, ni ndugu wa neno hilo la Kiebrania. Angalieni pia ugomvi wenyewe ulikuwa wa nini: ulikuwa ugomvi wa maji na ardhi. Mambo ya watu hayajabadilika sana.

3. "Haki ya nani"

Sasa tuje kwetu. Tukipita sokoni Lushoto, Soni au Mlalo, hatuwezi kutembea hatua kumi bila kusikia kiapo. "Haki ya Mungu, mama, karoti hizi zimeng'olewa asubuhi hii." "Wallahi, bei hii sipati hata senti." Kijana akisimulia habari ya mpira ataapa mara tatu kabla ya kufika kwenye goli. Hakuna anayeshtuka, na hakuna anayeamini zaidi kwa sababu ya kiapo hicho.

Hapa ndipo penye hasara. Kiapo ni kama fedha. Serikali ikichapisha noti bila kiasi, noti huwa nyingi lakini hazinunui kitu. Mtu aapaye kila sentensi amechapisha jina la Mungu mpaka limekuwa karatasi tupu. Naye siku atakapokuwa na jambo la kweli na zito, atatafuta neno la kulithibitisha na hatalipata, maana yote amekwisha kuyatumia kwenye karoti.

Wengine, kwa kujua kwamba amri ya tatu yakataza kulitaja bure jina la Bwana (Kutoka 20:7), wamepata njia ya kukwepa. Husema, "Haki ya nani!" Jina la Mungu limeondolewa na mahali pake pamewekwa swali. Ni kichochoro kile kile walichopita Waingereza. Lakini tujiulize: haki ya nani? Msemaji amjua, na msikilizaji amjua. Jina limefichwa, lakini mwenye jina yuko pale pale.

Siku za Bwana wetu Wayahudi nao walikuwa na njia kama hiyo. Waliapa kwa mbingu, kwa nchi, kwa Yerusalemu, kwa kichwa cha mtu, wakidhani kwamba viapo hivyo havina uzito kwa kuwa jina la Mungu halikutamkwa. Walikuwa hata na hesabu: aapaye kwa hekalu si kitu, bali aapaye kwa dhahabu ya hekalu amejifunga (Mathayo 23:16-22). Bwana aliifunga milango hiyo yote. Mbingu ni kiti cha Mungu, nchi ni mahali pa miguu yake, Yerusalemu ni mji wake, na kichwa chako huwezi kukigeuza unywele mmoja. Kisha akafundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo ya kweli, na siyo yetu iwe siyo ya kweli. Yanayozidi hapo yatoka kwa yule mwovu (Mathayo 5:33-37). Yakobo naye alirudia fundisho hilo (Yakobo 5:12).

Kwa nini kinachozidi kitoke kwa mwovu? Kwa sababu mtu aonaye haja ya kuapa amekwisha kukiri kwamba maneno yake mengine hayategemeki. Tumtazame Petro uani kwa kuhani mkuu (Mathayo 26:69-75). Mara ya kwanza alikana kwa maneno ya kawaida. Mara ya pili alikana kwa kiapo. Mara ya tatu alianza kulaani na kuapa pamoja. Kadiri uongo ulivyopanda, kiapo nacho kilipanda, mpaka kuapa na kulaani vikakutana katika kinywa kimoja. Jogoo akawika. Neno lile la Kiingereza lenye maana mbili tunaliona hapa likiwa limekamilika ndani ya mtu mmoja, naye alikuwa mtume.

4. Je, Mkristo aape mahakamani?

Swali hili huulizwa mara nyingi, nalo ni swali zuri. Ikiwa Bwana amekataza kuapa, mbona tunashika Biblia mbele ya hakimu?

Wako Wakristo ambao hawaapi kabisa. Waquaker wa Uingereza katika karne ya 17 walifungwa magerezani kwa kukataa kuapa, na mwishoni mwa karne hiyo sheria ikawaruhusu kuthibitisha kwa maneno bila kiapo. Wafuasi wao wako karibu nasi: walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, nao huitwa Marafiki. Tusiwacheke ndugu hao. Wameyashika maneno ya Bwana kama yalivyo.

Kanisa letu la Anglikana limefundisha njia nyingine. Katika Vifungu 39 vya Dini, vilivyokamilishwa mwaka 1571, kifungu cha mwisho kabisa ni cha kiapo cha Mkristo. Chasema kwa ufupi kwamba kuapa ovyo na kwa haraka kumekatazwa na Bwana na na Yakobo, lakini Mkristo aweza kuapa mtawala anapomtaka, kwa ajili ya imani na upendo, mradi iwe kwa haki, kwa hukumu na kwa kweli. Angalieni lile neno upendo. Shahidi haapi kwa faida yake mwenyewe. Aapa ili jirani apate haki yake.

Sheria za Tanzania nazo zimelizingatia jambo hili. Kwa sheria ya viapo ya mwaka 1966, Mkristo huapa. Na mtu wa dini nyingine, au asiye na dini, au ambaye dhamiri yake yamkataza kuapa, huruhusiwa kuthibitisha bila kiapo. Wote wawili wamefungwa sawasawa, na atakayesema uongo kwa makusudi aweza kufungwa hadi miaka 7. Kutukana ni kosa jingine kabisa: atumiaye lugha ya matusi kwa namna inayoweza kuvunja amani aweza kufungwa hadi miezi 6. Basi sheria nayo, kama Kiswahili, imetenga kuapa uongo na kutukana, na imeona kwamba uongo wa shahidi ni mbaya zaidi kuliko tusi la mlevi. Sisi katika nyumba zetu mara nyingi twafanya kinyume. Mtoto akitukana twampiga. Akiapa uongo twacheka na kusema ni mjanja.

Lipo jambo moja katika sheria zetu ambalo lafaa kufikiriwa sana. Mtoto mdogo, asiyezidi umri wa miaka 14, aweza kutoa ushahidi bila kuapa. Tangu Sheria ya Ushahidi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, anachotakiwa ni kuahidi tu kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Hapana Biblia, hapana maneno makubwa. Mahakama yaketi kimya kumsikiliza mtoto ambaye ndiyo yake ni ndiyo. Sisi watu wazima tulitakiwa tuwe hivyo.

Tena sisi wa Lushoto tunayo sababu ya pekee ya kulifahamu somo hili. Hapa kwetu kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambacho huwafundisha watumishi wa mahakama kutoka kila pembe ya nchi. Ingekuwa aibu mji unaofundisha kazi ya haki uwe na mashahidi wa kununuliwa kwa soda.

5. Shamba la Nabothi

Kesi nyingi katika milima yetu ni za ardhi. Watu ni wengi na ardhi ni haba. Shamba dogo la bondeni lenye maji ndilo chakula cha nyumba na ada ya shule. Mipaka mingi haikuandikwa popote. Imo katika kumbukumbu za wazee na katika miti iliyopandwa. Kwa majirani zetu wa Kilimanjaro mmea wa isale umewekwa mpakani tangu zamani, na mmea huo huo hutumika kuombea msamaha. Lakini mmea waweza kung'olewa usiku. Ukishang'olewa, kinachobaki ni neno la jirani.

Kwa hiyo yafaa tusome tena habari ya Nabothi (1 Wafalme 21). Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu. Nabothi alikataa kuuza kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Basi Yezebeli aliandika barua, akatia muhuri wa mfalme, akaamuru waletwe mashahidi wawili waseme kwamba Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Wakasema. Nabothi akapigwa mawe akafa, na mfalme akashuka kulitwaa shamba.

Tuone jinsi mambo yetu yote mawili yanavyokutana hapa. Nabothi alishitakiwa kwa kutukana, na ushahidi wenyewe ulikuwa wa uongo. Hakuna tusi lililotoka kinywani mwake. Walioliharibu jina la Mungu ni wale mashahidi wawili waliojifanya kulilinda. Tena katika Kiebrania waandishi hawakuthubutu kuandika kwamba mtu "alimtukana" Mungu. Mahali pale waliandika kwamba "alimbariki" Mungu, wakijua kwamba msomaji ataelewa. Vivyo hivyo katika Ayubu 1 na 2. Waandishi waliogopa hata kuandika tusi kwa wino, lakini mashahidi wale hawakuogopa kumwua mtu kwa uongo.

Yezebeli alihitaji mashahidi wawili tu, kwa kuwa sheria ilitaka wawili. Kama mmoja wao angekataa, shauri lisingesimama. Ndivyo ilivyo leo. Tuseme kwamba mume amefariki, na shemeji wanataka shamba alilokuwa akilima mjane. Wataleta watu waseme kwamba shamba lile lilikuwa la azima tu. Hawahitaji kijiji kizima. Wanahitaji watu wawili watatu, na wengine wote wanyamaze. Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kwa sheria ya mwaka 1999 lina wajumbe 7 na kati yao 3 ni wanawake, kazi yake ni kusuluhisha. Lakini litasuluhishaje ikiwa wanaojua kweli wamekaa nyumbani? Torati inasema kwamba shahidi wa uongo atendewe lile lile alilokusudia kumtendea ndugu yake (Kumbukumbu la Torati 19:16-21). Naye anyamazaye huku anajua ameandikwa pia: akisikia mwito wa kutoa ushahidi asiseme, atauchukua uovu wake (Mambo ya Walawi 5:1).

6. Kiapo kilichotutangulia

Yako pia mambo ambayo Mkristo hawezi kuyaapia. Katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, watu wengi walikula kiapo ili waungane katika kudai ardhi na uhuru. Madai ya ardhi yalikuwa ya haki. Hata hivyo wako Wakristo waliokataa kiapo kile, wakasema kwamba wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kuichanganya na nyingine. Wengine wao walikataa pia kuchukua bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa. Huko Murang'a limejengwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote kwa ukumbusho, na ndani yake zimo picha 5 kubwa za maisha ya Bwana zilizochorwa ukutani na Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu. Viapo vilirudi tena Kenya mwaka 1969, na viongozi wa makanisa wakavipinga hadharani.

Maneno ya wale mashahidi yana mzizi wa kale. Neno "sakramenti" ni la Kilatini, "sacramentum", na kwa Warumi lilikuwa kiapo cha askari anapoingia jeshini. Yapata mwaka 112, gavana mmoja aliyeitwa Plinio alimwandikia Kaisari Trajano habari za Wakristo wa jimbo lake. Alisema kwamba hukutana mapema kabla ya jua na kujifunga kwa kiapo, wala si kwa ajili ya uhalifu, bali kwamba wasiibe, wasinyang'anye, wasizini, wasivunje neno lao, wala wasikatae kurudisha amana waliyowekewa. Neno alilolitumia ni hilo hilo, sacramentum. Basi sisi tuliobatizwa tumekwisha kuapishwa. Kila tunapokaribia meza ya Bwana kiapo kile chafanywa upya, nacho chahusu mambo ya kawaida kabisa: mali ya mtu, ndoa ya mtu, amana ya mtu, neno letu wenyewe.

7. Yatupasa nini?

Kwanza, tupunguze viapo vya sokoni. Muuzaji akisema bei yake na ubora wa kitu chake kwa kweli, mwezi mmoja tu wateja watamjua, na hatahitaji kuapa tena. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya mkweli hupata watu wa kuifuata.

Pili, tuangalie ndimi zetu nyumbani. Ulimi hauna mfupa. Mzazi amwitaye mtoto wake jina la mnyama asishangae mtoto akimpelekea mwalimu jina hilo hilo. Nanyi wazee, msiwatishe watoto kwa laana kwa ajili ya makosa madogo. Laana si fimbo ya kuchungia mbuzi.

Tatu, tuwafundishe vijana kutofautisha. Tusi ni baya, na tuwaonye. Lakini tuwaambie wazi kwamba mtu mwenye maneno laini anayemdhulumu mjane kwa ushahidi wa uongo amelitukana jina la Mungu zaidi ya mlevi wa njiani.

Nne, tukiitwa kutoa ushahidi twende. Tukijua kitu tuseme; tusichokijua tuseme hatujui. Hapo ndipo lile neno la kale linaporudi mahali pake: kujibu ni kusema neno ambalo uko tayari kulisimamia mbele za Mungu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Hesabuni viapo mlivyovisikia jana tangu asubuhi hadi jioni. Vingapi vilikuwa na sababu?

2. Kuna tofauti gani kati ya kuapa, kuapiza, kulaani na kutukana? Toeni mfano wa kila kimoja kutoka katika lugha yenu ya nyumbani.

3. Someni Mathayo 5:33-37 pamoja na habari ya Nabothi. Jirani yako akikuomba umsaidie kwa ushahidi ambao wajua si kweli, naye ndiye aliyekuchimbia kaburi la mama yako, utamjibu nini?

4. Je, katika mtaa wetu yuko mjane au yatima ambaye mpaka wa shamba lake sisi twaujua na wenzetu wanaubisha? Nani kati yetu atakwenda kusema?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno tu. Wazee wa kanisa na akina mama wa Umoja walichukue mpaka lipate jibu, na kikundi kitakapokutana tena mwezi ujao, lianze hilo kabla ya somo jipya.